Eksirei humtaja mshukiwa, hazimpimi uzito

Tarehe 12 Desemba 1970, Wakenya wakiadhimisha uhuru wao, roketi iliruka kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikiwa imebeba setilaiti ndogo ya Marekani. Siku hiyo ndiyo iliyoipa jina: Uhuru. Ilikuwa setilaiti ya kwanza kutengenezwa mahsusi kuchunguza anga kwa eksirei, mionzi ambayo hewa ya dunia huizuia isitufikie. Tangu hapo wanaotafuta wenza waliofichika wa nyota kubwa, yaani vitu visivyoonekana vinavyozungukana nazo, wamekuwa na chombo kipya, na ubishi mpya: je, eksirei zinawafichua kweli, au zinatuonyesha wale wachache wenye makeke tu?

Wanaozitetea huanza na Cygnus X-1, chanzo cha eksirei kali katika kundinyota la Cygnus. Uhuru iliona eksirei zake zikipanda na kushuka kwa muda usiofika sekunde moja. Kitu kizima hakiwezi kubadilika upesi kuliko mwanga unavyokivuka, kwa hiyo kilichokuwa kikimeta kilikuwa kidogo mno kuwa nyota ya kawaida. Gesi ya nyota jirani ilikuwa ikivutwa na kuchemka hadi mamilioni ya digrii kabla ya kumezwa na kitu hicho.

Tusizidishe sifa, lakini. Uhuru haikuweza kuonyesha ni nyota ipi hasa. Mahali pa chanzo hicho palijulikana kwa usahihi mwaka 1971, kwa darubini za redio. Uzito nao ulitokana na mwanga wa kawaida: mistari ya spektra (mwanga uliotawanywa kwa rangi zake) ya nyota hiyo jirani, HDE 226868, iliyumba kila siku 5.6, maana yake inazungukana na kitu kizito kisichoonekana. Vipimo vilivyotolewa mwaka 2021 vinakipa kitu hicho, shimo jeusi ambalo hata mwanga hauponyoki kwake, uzito wa Jua mara 21. Eksirei zilimtaja mshukiwa. Hukumu ilitolewa kwingine.

Binafsi naona Eta Carinae, nyota kubwa mno yenye mwenza, inazitetea vizuri zaidi. Eksirei zake huongezeka, kisha hufifia ghafla, kila baada ya miaka 5.5 hivi. Upepo wa nyota kuu, yaani gesi inayoitoka, huenda kilomita 400 na ushei kwa sekunde, kasi ndogo mno kuzalisha joto ambalo eksirei hizo zinaonyesha. Lazima awepo mwenza mwenye upepo wa kama kilomita 3,000 kwa sekunde, na pepo hizo mbili zinagongana. Mwenza huyo amemezwa na mng'ao wa mkubwa wake, lakini kasi ya upepo wake tunaijua. Hapo hakuna shimo jeusi lolote, jambo ambalo pia ni onyo kwa anayedhani kila eksirei kali ni dalili ya shimo.

Tatizo ni wale walionyamaza. Shimo lisilomeza gesi ya kutosha halitoi eksirei za kuonekana. VFTS 243, katika Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndogo jirani na yetu, ilitangazwa mwaka 2022: nyota yenye uzito wa Jua mara 25 hivi, na mwenza asiyeonekana wa angalau mara 9. Ilipatikana kwa spektra zilizokusanywa kwa miaka sita. Anayesubiri eksirei angeipita tu.

Ila kabla hatujazitupa eksirei, tukumbuke mfumo wa nyota wa HR 6819. Mwaka 2020 ilidaiwa, kwa spektra, kwamba ina shimo jeusi lililotulia, umbali wa miaka ya nuru kama 1,000 tu. Ukosefu wa eksirei haukumshtua mtu; shimo lililolala ndivyo lilivyo. Miaka miwili baadaye vipimo vya VLTI, darubini za Chile zinazounganisha mwanga wao, vilionyesha nyota mbili zinazong'aa zikiwa zimekaribiana sana, moja ikiwa imenyang'anywa tabaka zake za nje na mwenzake. Shimo halikuwepo.

Ukimya uleule, basi, ulikubaliana na dai la kweli na dai la uongo. Ukweli wa HR 6819 ulijulikana kwa sababu iko karibu nasi. VFTS 243 iko umbali wa miaka ya nuru kama 160,000, na VLTI haiwezi kutenganisha vitu vilivyokaribiana hivyo kwa umbali huo. Kesi yake inasimama kwa spektra, na kwa ustadi wa waliozichambua wakihakikisha hakuna nyota ya pili iliyojificha ndani yake.