Bei ya Usafi Isitungwe kwa Woga

Kila mwezi hunifikia simu mbili tatu kutoka kwa vijana wa hapa Kisumu wanaotaka kuanzisha biashara ya kusafisha nyumba, na swali lao la kwanza huwa lile lile: nyumba ya vyumba vitatu mnatoza pesa ngapi? Mimi huchelewa kulijibu. Si uchoyo. Bei yangu imezaliwa na mishahara ninayolipa, tuktuk ninazokodi na stoo ninayopanga, na kijana akiichukua kisha akaipunguza kwa shilingi mia tano ili apate wateja haraka, atakuwa amenakili jibu la hesabu ambayo hakuifanya. Katika miaka yangu ya kazi hii nimeona biashara kadhaa za usafi zikifungwa, na karibu zote zilikuwa na wateja hadi siku ya mwisho. Kilichoziua ni bei iliyotungwa kwa woga.

Nalijua hilo kwa sababu nilianza hivyo hivyo. Mwaka 2019 nilikuwa na ndoo mbili, mopu moja, brashi za kusugulia na binti wa shangazi yangu aliyekuwa akisubiri kwenda chuo. Nilitoza shilingi 2,000 kwa nyumba yoyote ile, iwe mtaa wa Migosi au wa Milimani, iwe imekaa wiki moja bila kupigwa deki au mwaka mzima. Tarakimu hiyo niliipata kwa kuuliza majirani wanamlipa mama fua kiasi gani kwa siku, nikaongeza kidogo, nikaogopa kuongeza zaidi. Kila jioni nilikuwa na pesa mkononi, nikaamini kwamba napata faida. Ukweli ni kwamba nilikuwa nakula mshahara wangu mwenyewe na kuuita faida, na ndoo ilipopasuka sikuwa na pesa ya kununua nyingine bila kukopa.

Kumtazama mama fua kama mshindani ndilo kosa linalozaa makosa mengine. Mama fua huja na mikono yake na uzoefu wake. Sabuni ni ya mwenye nyumba, maji ni ya mwenye nyumba, na kitu kikivunjika hakuna anayetarajia alipe. Ana kazi yake na anaifanya vizuri, tena mimi mwenyewe ninaye wangu anayenifulia kila Jumamosi. Biashara huuza kitu kingine: watu wawili au watatu waliofundishwa, wenye cheti cha tabia njema kutoka polisi, wanaokuja na sabuni na mashine zao, wanaomaliza kwa muda uliokubaliwa, na nyuma yao yupo mtu wa kupigiwa simu mambo yakiharibika. Anayeuza hayo yote kwa bei ya mama fua amemdhulumu mfanyakazi au amejidhulumu mwenyewe, na kwa kawaida ni wote wawili.

Basi tuifanye hesabu yenyewe, tukianzia kwa mfanyakazi. Agizo la mishahara lililotangazwa Novemba 2024 liliweka kima cha chini cha shilingi 16,113.75 kwa mwezi kwa kibarua wa kawaida, akiwemo msafishaji, katika miji mikubwa kama Kisumu, na juu yake mwajiri huongeza posho ya nyumba ya asilimia 15 ya mshahara huo. Hapo tumefika shilingi 18,531. Mchango wa mwajiri kwa NSSF, yaani mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, asilimia 6, ni shilingi 1,112, na tozo ya nyumba za bei nafuu, asilimia 1.5, ni shilingi 278. Jumla yake ni shilingi 19,921. Atakayesoma haya baada ya agizo jipya kutoka aanze na tarakimu mpya, njia ya kuhesabu haibadiliki.

Mtu akigawanya kiasi hicho kwa siku 26 za saa nane, atapata kama shilingi 96 kwa saa na kudhani kazi imekwisha. Haijaisha, kwa maana hakuna mteja anayelipia saa zote nane. Kuna muda wa kutoka mjini hadi vilima vya Riat na kurudi, kuna kuosha vitambaa, kuna mteja aliyesema saa mbili asubuhi kisha akafungua geti saa nne. Kwetu sisi, katika saa nane, tano tu ndizo zinazolipiwa. Kwa hiyo mshahara ule unabebwa na saa 130, wala si 208, na saa moja ya mfanyakazi inagharimu shilingi 153. Hapo sijagusa hata likizo ya siku 21 kwa mwaka, ambayo ni haki yake na hulipwa. Wapo wanaodhani wataikwepa hesabu hii kwa kuajiri vibarua wa siku, lakini Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inasema kwamba kibarua aliyefanya kazi mfululizo hadi siku zake zikatimia mwezi mmoja huhesabiwa kuwa mwajiriwa wa mwezi, apende asipende aliyemwajiri.

Sasa tuiweke saa hiyo ndani ya nyumba. Nyumba ya vyumba vitatu iliyo katika hali ya kawaida huchukua watu wangu wawili saa nne, yaani saa nane za kazi, shilingi 1,224. Sabuni, dawa na vitambaa hula shilingi 250. Tuktuk ya kwenda na kurudi ni shilingi 400, kwa sababu mashine ya kunyonya maji haipandi bodaboda, na aliyewahi kujaribu anajua mwisho wake. Uchakavu wa mashine yenyewe nauhesabu kuwa shilingi 90 kwa kazi moja. Halafu kuna shilingi 36,000 za kila mwezi ambazo hulipwa kazi ziwepo zisiwepo: stoo, simu na intaneti, leseni ya kaunti na, msikie vizuri, mshahara wangu wa shilingi 25,000. Tukifanya kazi 60 kwa mwezi, kila kazi inabeba shilingi 600. Jumla ya gharama ni shilingi 2,564. Kwa bei yangu ya zamani ya shilingi 2,000, kila nyumba ingenitia hasara ya shilingi 564, na kadiri ninavyopata wateja wengi ndivyo ningezidi kuzama.

Hata baada ya kuijua gharama, wengi huteleza katika hatua inayofuata. Mtu anayetaka faida ya asilimia 30 huchukua gharama yake na kuiongezea asilimia 30; shilingi 2,564 inakuwa 3,333, naye anaridhika. Lakini faida yake hapo, shilingi 769, ni asilimia 23 tu ya pesa aliyopokea. Ili faida iwe asilimia 30 ya bei, gharama haina budi kuwa asilimia 70 iliyobaki, kwa hiyo unagawanya gharama kwa 0.7, unapata shilingi 3,663. Na kama mauzo yako kwa mwaka yamevuka shilingi milioni moja na hayajafika milioni 25, KRA, mamlaka ya mapato, hudai kodi ya asilimia 3 ya mauzo yote, si ya faida, jambo linalomuumiza zaidi mwenye faida nyembamba. Basi mimi huitoa asilimia 3 hiyo pia katika ile 70, hugawanya kwa 0.67 na kupata shilingi 3,827. Bei yangu ni 3,800. Siitetei kama bei ya Kisumu. Naitetea kama bei ya saa zangu, stoo yangu na watu wangu.

Bei hiyo ni ya kuanzia tu, wala sitaji bei ya mwisho kwa simu. Mteja husema nyumba yake si chafu, na kwa kweli anaamini asemavyo, maana jicho huzoea. Lakini hapa kwetu nyumba mbili zenye vyumba sawa zinaweza kutofautiana kama usiku na mchana. Nyumba inayotazama ziwa hupata wadudu wa ziwani, ambao hufuata taa usiku na kulala wamekufa kwa maelfu katika pembe za madirisha. Ukiwapangusa kwa kitambaa kilicholowa wanageuka uji mweusi unaoshika rangi ya ukuta, kwa hiyo sharti wafagiwe au wanyonywe wakiwa wakavu kwanza. Nyumba ya upande wa Nyamasaria, kwenye udongo mweusi wa uwanda wa Kano, wakati wa mvua huingiwa na tope linalonata kama gundi, na kazi ya saa nne inakuwa ya saa sita. Kuna pia suala la maji: mteja ambaye mfereji wake umekauka na hana tangi amekuongezea gharama ya mitungi kabla hujashusha ndoo. Ukitoka nje ya mji kukagua nyumba kwa nusu saa, nusu saa hiyo nayo iingie katika hesabu.

Makochi na mazulia nayaweka kando, kwa bei ya kila kiti na ya kila zulia. Hapo hali ya hewa ndiyo bosi. Mvua zetu hupenda kuja alasiri, na kochi lililooshwa saa nane mchana halitakauka hadi kesho yake, litanuka, na harufu hiyo itahesabiwa kuwa yako. Makochi yote huoshwa asubuhi. Nyumba zilizotoka mikononi mwa mafundi, zenye matone ya rangi na simiti kwenye vigae, sizichukui kwa bei ya kawaida hata mteja akiwa ndugu yangu. Kukwangua simiti bila kuchuna kigae ni kazi ya subira, na hutozwa chumba kwa chumba baada ya kuona. Kinyume chake, nyumba za kupangishwa wageni kwa siku, ambazo mjini hapa zilizungumzwa sana wakati wa Africities, mkutano wa miji ya Afrika, wa Mei 2022, nazipa bei ya chini kidogo, kwa kuwa zinarudi kila wiki, hazikai hadi zikachakaa, na mara nyingi mbili tatu huwa katika jengo moja, hivyo tuktuk ni moja. Punguzo lenye sababu ya gharama silikatai. Ninalolikataa ni punguzo la huruma ya uso.

Kuhusu vifaa nitasema machache, kwa sababu vijana hupenda kuvizungumzia kuliko hesabu. Usianze na mashine kubwa ya mkopo. Anza na mopu nzuri, ndoo, glavu, vitambaa vya rangi tofauti ili cha choo kisiguse jikoni, na sabuni ya maji ya kununua kwa mtungi wa lita 20. Mashine ikodi hadi kazi zake ziwe za kutosha kuilipa. Soko la Kibuye siku ya Jumapili lina karibu kila kitu cha kuanzia, mradi uende mapema na ujue kubembeleza bei. Jina la biashara husajiliwa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, leseni hutolewa na kaunti, na anayelenga maofisi ajiandikishe kwenye eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, tangu mwanzo, kwa sababu mhasibu wa ofisi hataki risiti ambayo KRA haitaitambua.

Ila kuna somo moja la vifaa ambalo lazima liingie katika bei, nalo ni dawa. Mfanyakazi wangu mmoja alimwaga asidi ya kusafishia choo kwenye sakafu ya terazo ya nyumba ya zamani pale Milimani, akitaka kuondoa doa la kutu. Terazo ina vipande vya marumaru ndani ya simiti, na asidi huvila vyote viwili. Doa lilitoka, na mng'aro wa sakafu ukatoka nalo. Niliita fundi wa kuisugua upya na nikalipa kwa miezi miwili. Kosa halikuwa lake, lilikuwa langu niliyempa chupa bila mafunzo. Tangu hapo kila mwajiriwa mpya hulipwa siku tatu za kujifunza kabla hajaingia kwa mteja, na jambo la kwanza analofundishwa ni kutochanganya kamwe Jik, ile dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, na asidi ya choo, kwa kuwa mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, ambayo katika bafu lisilo na dirisha inaweza kumuua mtu. Siku hizo tatu ni gharama. Glavu ni gharama. Anayetoza nusu ya bei yangu, nataka kujua amekata nini kati ya hivyo.

Nilipopandisha bei mwaka wa tatu, nilikuwa na wateja kumi na mmoja wa kudumu. Niliwapigia mmoja mmoja na kuwapa mwezi mzima wa taarifa. Bwana mmoja wa Riat aliniambia, "Dada, hiyo ni bei ya Nairobi." Nilimjibu kwamba sabuni nainunua Kisumu na watu wangu wanalipa kodi za nyumba Kisumu, nikamwonyesha saa zilivyo. Aliondoka, na wengine watatu wakaondoka pia. Wiki ile sikulala vizuri. Mwisho wa mwezi nilihesabu na kukuta kwamba wateja saba wameniachia pesa nyingi kuliko wale kumi na mmoja, na watu wangu walirudi makwao kabla ya giza. Bwana wa Riat alirejea baada ya miezi mitano na hatukuzungumzia bei tena.

Nyumba moja tu bado naisafisha kwa shilingi 2,000. Ni ya mwalimu mstaafu wa Migosi, aliyekuwa mtu wa kwanza kunikabidhi ufunguo wake na kwenda zake sokoni nilipokuwa sina hata risiti ya kumpa. Katika daftari langu kazi hiyo huandikwa 3,800 kama nyingine zote, na zile 1,800 zinazopungua huandikwa upande wa matumizi yangu ya nyumbani, chini ya neno zawadi.