Ukitoka kwenye baiskeli ya milimani, usiichague BMX kwa macho yale yale

Ekseli ya nyuma ya BMX yangu ya kwanza, ile baiskeli ndogo ya tairi za inchi 20, ilipinda wiki ya tatu. Nilikuwa nimeruka kutoka kwenye kibaraza cha zege, kimo chake hakifiki goti, nikatua na tairi la nyuma kwanza. Fundi wangu pale Sakina, Arusha, aliichomoa, akaiviringisha juu ya kipande cha kioo, nikaiona kwa macho yangu inavyopepesuka. Unene wake milimita 10. "Kaka, hii ni ya mtoto kutumwa dukani," akaniambia. "Si ya kurukia."

Nimeendesha baiskeli ya milimani miaka minane, zaidi kwenye njia za msitu wa Olmotonyi, chini ya Mlima Meru. Hamu ya BMX iliniingia mwaka 2021, nilipotazama Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, mara ya kwanza mitindo ya BMX (freestyle, kuruka na kufanya vituko) kushindaniwa huko. Charlotte Worthington wa Uingereza alianguka mzunguko wake wa kwanza. Wa pili akarudia kitu kile kile kilichomwangusha, kupinduka kinyumenyume huku akijizungusha duara zima, akatua, akachukua dhahabu. Nikasema lazima niipate baiskeli hiyo. Na kwa kuwa baiskeli nazijua, niliamini hata BMX najua kuichagua.

Nilikwenda kuinunua nikitazama yale niliyozoea kutazama: wepesi, breki, jina kwenye fremu. Kumbe BMX haina gia, haina shokapu, mara nyingi haina hata breki ya mbele. Ukishaondoa hayo yote kinabaki chuma, beringi na ekseli. Ndiyo maana nasema pesa yako iende huko kwanza, na ndiyo maana naitetea bei ya kati: baiskeli mpya, kamili, ya dola 500 hadi 800 hivi za Marekani. Chini ya hapo unauziwa umbo la BMX. Juu ya hapo unalipia wepesi ambao mgeni wa mchezo huu hatausikia mwilini.

Tuanze na chuma. Neno la kutafuta ni kromoli, chuma cha 4130 kilichochanganywa na kromiamu na molibdenamu. Kina nguvu kuliko chuma cha kawaida, kile ambacho kwenye maelezo huandikwa hi-ten, kwa hiyo bomba linaweza kuwa jembamba na bado likastahimili. Ila soma vizuri. Baiskeli nyingi za bei ya chini zina stika ya kromoli, kumbe ni bomba moja tu la chini, mengine yote hi-ten. Unachotaka ni fremu nzima, foku (uma unaoshika gurudumu la mbele) na hendeli, vyote vitatu kromoli. Hendeli na foku msivipuuze, maana hivyo ndivyo vilivyo kati ya meno yenu na zege.

Watu wa milimani huniuliza mbona si alumini, fremu zetu mbona za alumini na tunaruka nazo? Kwenye mbio za BMX alumini ipo tele, sababu pale mtu anahitaji kuchomoka kwenye geti la kuanzia na baiskeli nyepesi, ngumu isiyonyumbuka. Kwenye mitindo, baiskeli inatupwa chini, inasagwa kwenye kingo za ngazi, inatua upande. Chuma kikizidiwa mara nyingi kitapinda kwanza, ukaona, ukashuka. Hilo kwangu lina thamani kuliko kilo moja ya wepesi.

Sasa habu ya nyuma, kile kitovu cha gurudumu. Hapa ndipo nilipoumia, kwa hiyo nitakaa kidogo. Ekseli ya nyuma iwe milimita 14. Hii haina mjadala, hasa kama unafikiria kufunga pegi, zile bomba fupi za kusimamia na kusagia. Beringi ziwe za kufungwa, si goroli zilizomwagiwa grisi ambazo vumbi la Arusha litazimaliza kabla ya masika. Na nyuma pawe na kaseti yenye meno 9, yaani meno yaliyo sehemu ya habu yenyewe, siyo friwili, ile ya kukazwa kwa nje. Mtu wa milimani akiona meno 9 nyuma na 25 mbele hudhani kuna kosa. Zamani BMX zilikuwa na 44 mbele na 16 nyuma, na ukigawanya utaona uzito wa kukanyaga ni karibu ule ule. Tofauti ni kwamba gurudumu dogo la meno halijigongi kwenye ukingo unapopita juu yake, na cheni ni fupi, chuma ni kidogo. Kranki, mikono inayoshika pedali, nayo iwe ya vipande vitatu. Ile ya kipande kimoja kilichopinda kama herufi Z waachie watoto.

Kipimo nacho kimewapoteza wengi. Sisi tumezoea kupima kwa siti na miguu. BMX hupimwa kwa urefu wa bomba la juu la fremu: mtu wa sentimita 165 hadi 173 hivi huanzia inchi 20.5, kufika sentimita 180 achukue 20.75, na aliyezidi hapo 21. Siti haiingii kwenye hesabu kabisa. Siku ya kwanza uwanjani nilikuwa nimeipandisha siti kama ninapanda mlima, kijana mmoja akanijia taratibu, akaniamkia, akasema, "Kaka, hiyo ishushe mpaka mwisho, itakupiga." Nilisita. Nilipoishusha ndipo nikaelewa: siti ya BMX ni kitu cha kubana kwa magoti ukiwa hewani. Kukalia ni ziada.

Kitakachokushtua zaidi ni jinsi inavyogeuka. Baiskeli yangu ya milimani pembe yake ya mbele, yaani mwinamo wa foku, ni digrii 65, imelala, imetulia, ukiielekeza bondeni inakwenda. BMX inafika 75. Mabomba ya nyuma ni mafupi, inchi 13 na kitu, kwa hiyo ukivuta hendeli kidogo tu tairi la mbele limeshaacha ardhi. Wiki ya kwanza nilikuwa navuta kwa nguvu za Olmotonyi, naangukia mgongo. Dawa yake ni kulegeza mabega na kuyaachia magoti yapokee, kwa sababu shokapu pekee iliyopo ni wewe.

Juu ya breki nina msimamo. Vijana watakuambia BMX bila breki ndiyo yenyewe. Kama unaiendesha barabarani, katikati ya bodaboda na daladala, weka breki ya nyuma na uiache hapo. Fremu nyingi za bei ya kati zina vishikizo vya breki vya kufungua kwa bolti. Siku utakapokuwa na kiwanja chako utazifungua.

Na kama ulichotaka hasa ni kuruka vilima vya udongo msituni, niambie ukweli kabla hujalipa. Huenda unahitaji baiskeli ya inchi 26 yenye foku ya milimita 100 mbele na nyuma pasipo shokapu. Ni nzuri mno kwa kazi hiyo. Ila hapo hujatoka milimani, umesogea chumba cha pili.

Kuna wanaopendekeza tairi za inchi 22 kwa watu wazima warefu. Nimejaribu moja, imetulia kweli. Bado ningekushauri 20, na sababu yangu ni ya hapa hapa. Tyubu ya baiskeli yangu ya inchi 29 nimeshaitafuta mji mzima nikaikosa. Ya inchi 20 ipo kwa kila fundi, kwa sababu baiskeli za watoto zinaitumia. Vali yake ni ile ile ya gari, na tairi la BMX linataka upepo mwingi, PSI 60 kwenda juu, siyo 25 zetu za msituni. Jumamosi asubuhi naipitisha kituo cha mafuta, kijana wa upepo anachomeka mpira, anaangalia mshale, ananiuliza kama nina hakika na hiyo 65.

Nina hakika, ndugu yangu. Jaza.