Someni kifungu chote

Nyinyi mnaosema hapa juu ati Katiba ya Kenya imeruhusu mtu aongee chochote, mliisoma mkafika wapi? Kifungu cha 33 kinaanza na uhuru ndio, halafu hapo hapo chini kinasema uhuru huo haufiki kwa uchochezi wa fujo na matamshi ya chuki. Sisi tuliokuwa Kondele, Kisumu, wakati wa fujo za uchaguzi wa 2007 hatuhitaji kuelezwa. Lakini serikali nayo isijifiche hapo, kuuliza mheshimiwa pesa ya barabara imeenda wapi si chuki, na 2017 Mahakama Kuu ilishafuta ile sheria ya kumfunga mtu juu ya kuharibia mwingine jina, ukiumia enda kortini udai fidia.

Mamangu anauza omena, wale samaki wadogo, soko la Kibuye, kuna mtu aliandika kwa grupu ya WhatsApp ya mtaa ati anazipulizia dawa ya nzi, wiki nzima karai ilikuwa inarudi nyumbani imejaa vile ilitoka. Huo nao ni uhuru gani? Na sikutaka afungwe, nilitaka tu aandike kwa grupu hiyo hiyo kwamba alidanganya. Hajaandika mpaka wa leo, na omena bado anakuja kukopa.