Kufunga ziwa si kufunga mbuga

Kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti 2024, Tanzania ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika. Waliounga mkono walisema ziwa lipumzishwe kama tunavyohifadhi mbuga. Waliopinga, wavuvi wakiwemo, walijibu kwamba ziwa si mbuga, na kwamba nyavu hazina kosa. Naona hawa wa pili wanalijua ziwa vizuri zaidi, ila hitimisho lao limepinda.

Chukua Mahale, hifadhi iliyo kando ya ziwa hilo, ambako msitu wa sokwe unashuka hadi ufukweni. Jani likidondoka linaozea pale pale, na mizizi inakirudisha kilichomo. Mali ya msitu imesimama wima kwa miongo mingi. Ukikata mti, kisiki kinakushitaki. Ziwani kazi ya majani inafanywa na mwani mdogo usioonekana kwa macho, unaoishi siku chache tu. Ukifa, unazama. Na huku ni mbali kuzama: kina kinafika mita 1,470, wakati oksijeni inaishia kwenye mita 100 hadi 200 za juu. Basi juu kuna mwanga lakini rutuba ni haba, chini kuna rutuba tele gizani. Kinachovikutanisha ni upepo. Kusi ikivuma, maji ya juu yanasukumwa kaskazini, na kule kusini maji ya chini yanapanda.

Hapo ndipo penye hoja ya wavuvi. Maji ya juu yakipata joto zaidi huwa mepesi zaidi, na upepo unashindwa kuyachanganya na ya chini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulikadiria kwamba uzalishaji wa mwani umeshuka kwa takriban asilimia 20. Mwingine wa 2016, uliochunguza mabaki ya samaki kwenye matope ya sakafu ya ziwa, ulionyesha kuwa samaki walianza kupungua kabla uvuvi wa kibiashara haujashamiri katikati ya karne ya 20. Sasa nyavu zina kosa gani?

Zinalo. Joto likipunguza chakula cha dagaa, kiasi tunachoweza kuvua bila kula mtaji nacho kinashuka. Anayelaumu joto, kwa kweli, anatoa sababu ya kuvua kidogo zaidi. Tena dagaa wa Tanganyika huishi mwaka mmoja hivi, kwa hiyo miezi mitatu kwao ni sehemu kubwa ya maisha. Kwa mvule haina maana yoyote.

Tatizo langu na wanaofunga ni kudhani mpaka unafanya kazi sawa kote. Samaki wa miambani wa jamii ya perege, wengi wao hawapatikani popote pengine duniani, hukaa mahali pamoja, na kipande cha maji kilichomo ndani ya hifadhi ya Mahale kinawafaa. Dagaa na migebuka hawana makao ya namna hiyo. Wanazunguka katika ziwa la nchi nne. Isitoshe, udongo unaoporomoka kutoka milima iliyofyekwa unafunika miamba hiyo hata siku ambazo hakuna mtumbwi majini.

Ningekuwa na sauti, ningelinda kwanza ghuba za pwani ambako dagaa wachanga hukulia, na kupambana na kokoro, nyavu zinazokokotwa hadi ufukweni, mwaka mzima. Kufunga ziwa zima kungefuata vipimo vya joto na upepo wa mwaka husika, na mvuvi angejua mapema familia yake itakula nini miezi hiyo.