Ami, ba yenye sukuni inasomwaje?

Kwenye baraza letu la barabara ya 12, hapa Ngamiani, Tanga, kuna hoja ambayo haijapata kushindwa. Ni ya ami yangu: "Nimeanza kuvuta sigara Nyerere yuko Ikulu. Mbona mzima?" Watu hucheka, muuza kahawa hugonganisha vikombe vyake, mazungumzo yakahamia kwenye mpira.

Nimechoka kumjibu kwa onyo la kwenye pakiti. Onyo lile ni la kweli, lakini ni amri isiyo na maelezo, na wazee wa Tanga hawapendi kuamrishwa na kiboksi. Nadhani tunawakosea wavutaji tunapowatisha tu. Mtu anayeweza kukupigia hesabu za bao kete kwa kete hawezi kushindwa kuelewa moshi unafanya nini kwenye seli ya pafu. Mwelezeni.

Juzi nikajaribu. Ami alisomesha chuo cha Kurani miaka mingi, basi nikamwuliza kuhusu herufi ya Kiarabu: ami, ba ikiwekewa fataha? "Ba." Ikiwekewa sukuni? Akaifunga midomo, irabu ikamfia mdomoni. Nikamwambia hapo ndipo penyewe. Herufi ni ileile, nukta yake iko chini palepale. Kilichobadilika ni kialama kidogo juu yake: fataha huipa irabu ya a, sukuni huinyima irabu.

Ndani ya karibu kila seli ya mwili mna kitabu cha DNA, yaani maelekezo ya kazi zake. Seli ya pafu na seli ya jicho zina kitabu kilekile. Tofauti ni kurasa zipi zinasomwa na zipi zimenyamazishwa. Miongoni mwa alama za kunyamazisha ni methili, kikundi kidogo cha kaboni moja na hidrojeni tatu, kinachojibandika juu ya herufi ya DNA iitwayo C. Zikirundikana mwanzoni mwa jeni, yaani ukurasa mmoja wa kitabu hicho, jeni hainyofolewi kitabuni, ila hunyamaza. Wataalamu huliita jambo hili epijenetiki.

Moshi wa sigara una kemikali zaidi ya 7,000, na zipatazo 70 zinajulikana kusababisha saratani. Benzopairini, kwa mfano, hung'ang'ania DNA na kuharibu herufi zenyewe. Habari hiyo wengi wameshaisikia. Isiyosemwa sana ni ya sukuni, yaani zile methili. Kuna jeni iitwayo p16, ambayo kazi yake ni breki: huizuia seli isigawanyike ovyo. Kwa wavutaji, p16 imekutwa imefungwa kwa methili hata kwenye makohozi ya watu ambao walikuwa bado hawajaonekana na saratani. Breki imekatwa, na gari bado linaonekana zima.

Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walitangaza jaribio ambalo mimi naliona ndilo jibu la ami. Walichukua seli za njia ya hewa za binadamu wakazikuza maabara pamoja na masizi ya moshi wa sigara kwa miezi 15. Methili zikajikusanya kidogo kidogo. Kisha wakaziingizia hitilafu moja tu, ya KRAS, jeni inayoisukuma seli igawanyike. Seli zilizokaa na moshi muda mrefu zikageuka saratani. Zile ambazo hazikuguswa na moshi, kwa hitilafu ileile, hazikugeuka. Moshi ulikuwa umeshalima shamba, imebaki mbegu. Kwa hiyo "mbona mzima" haithibitishi kitu, maana shamba lililolimwa nalo halina mmea.

Jirani akadakia kwamba yeye anatumia ugoro, hana moshi. Pole yake. Nitrosamini, kemikali zinazosababisha saratani, zimo kwenye tumbaku yenyewe, hujitengeneza jani linapokaushwa na kuhifadhiwa, na saratani ya mdomo haisubiri kiberiti. Wala tambuu yenye tumbaku haina msamaha.

Ila kuna upande ambao pakiti haiuandiki kabisa, na hapa ndipo ninapoudhika. Mwaka 2016 ulichapishwa uchunguzi wa damu za watu karibu 16,000. Alama za uvutaji zilionekana kwenye jeni zaidi ya 7,000, lakini kwa walioacha, nyingi zilirudi kama za mtu asiyevuta ndani ya miaka 5. Chache zilibaki hata baada ya miaka 30, na hilo nalo lisemwe wazi, tusimdanganye mtu. Lakini ni wangapi mtaani wanaendelea kuvuta kwa sababu wamejiambia wameshachelewa?

Ami alinisikiliza hadi mwisho, jambo la nadra. Nyuma ya sikio alikuwa na kipisi cha tangu asubuhi.

"Miaka mitano," akasema, akihesabu kwa vidole. "Nitakuwa na sabini na tisa."

"Inshallah, ami."

"Sabini na tisa si mingi." Akamwita muuza kahawa amwongezee kikombe. Kipisi kikabaki sikioni.