Mdomo, shingo, tumbo, kitako

Jumapili moja nilikwenda soko la Kibuye, Kisumu, kununua chungu cha maji. Muuzaji, mama wa makamo aliyeketi juu ya gunia, alikishika kimoja mdomoni akakigonga tumboni kwa kifundo cha kidole. Kikalia kama kengele. Akagonga cha pili, kikatoa sauti nzito, iliyokufa. "Hiki kina ufa," akasema, akakisogeza kando bila hata kukitazama. Ndipo nikatoa simu, nikamwonyesha picha ya chombo kimoja cha mfinyanzi Magdalene Odundo: cheusi, kinang'aa, shingo imeinama kama ya mtu anayesikiliza. Alikitazama kwa muda. "Ni kizuri. Lakini kwa mdomo huu maji utayachotaje?"

Swali lake limenikalia kichwani, kwa sababu ndilo ugomvi wenyewe juu ya vyungu kuingizwa katika majumba ya sanaa, ila wasomi huuendesha kwa maneno marefu zaidi.

Odundo alizaliwa Nairobi mwaka 1950, akahamia Uingereza mwaka 1971. Miongoni mwa majina yake limo Anyango, jina la Kijaluo ambalo huku kwetu Nyanza halihitaji tafsiri. Mwaka 2019 alifanya onyesho kubwa katika jumba la The Hepworth Wakefield, kaskazini mwa Uingereza, ambalo baadaye lilipelekwa Norwich. Hakuweka vyombo vyake peke yake. Alivichanganya na vitu alivyovichagua mwenyewe kutoka historia ya sanaa ya maelfu ya miaka: vyungu vya kale vya Ugiriki na Misri, kazi za wachonga sanamu Rodin na Barbara Hepworth. Aliyepita hapo aliona tumbo la chombo chake likijibizana na tumbo la sanamu, shingo na shingo. Wachambuzi wengi husema vyombo hivi ni miili ya wanawake, na ni vigumu kuwabishia: vingine vina kiuno, vingine vimejaa mbele kama mja mzito, vingine vina vijichuchu vidogo ubavuni.

Sisi hatukuhitaji onyesho kujua hilo. Katika Kiswahili mtungi una mdomo, una shingo, una tumbo, una kitako. Atakayeniambia kwamba kuona mwili kwenye chungu ni fikra ya majumba ya sanaa ya Ulaya, nitamwomba anitajie sehemu za mtungi bila kutaja mwili.

Wanaolisifu onyesho la namna hii wana hoja nzito. Katika historia ya sanaa ya Ulaya mwanamke aliingia jumbani mara nyingi zaidi akiwa kitu cha kutazamwa kuliko akiwa fundi. Mwaka 1989 kundi la wasanii wanawake liitwalo Guerrilla Girls lilihesabu kazi zilizokuwa kwenye vyumba vya sanaa ya kisasa vya Metropolitan Museum, New York: wanawake walikuwa chini ya asilimia 5 ya wasanii, lakini asilimia 85 ya picha za uchi zilikuwa za wanawake. Na mwanamke mweusi alikuwa na nafasi yake maalumu. Katika *Olympia*, picha aliyoichora Mfaransa Manet mwaka 1863, mwanamke mweupe amelala uchi kitandani, na nyuma yake amesimama mtumishi mweusi aliyeshika maua. Mtumishi huyo aliigizwa na mwanamke aliyeitwa Laure, na kwa muda mrefu walioiandikia picha ile kurasa na kurasa walimpita kama wanavyopita pazia.

Odundo ameingia nyumba hiyohiyo na mwili wa mwanamke usiovuliwa nguo. Hauna uso wa kukutongoza. Kilichopo ni udongo uliopandishwa kwa mkono bila gurudumu, ukapakwa tope laini, ukasuguliwa na kusuguliwa, ukachomwa. Moto wenye hewa hukipa chombo rangi ya chungwa. Akikirudisha motoni na kukinyima hewa, chombo hutoka cheusi. Kazi hiyo ya mkono alijifunza kwa wanawake, akiwemo Ladi Kwali wa Nigeria, aliyemkuta kwenye kituo cha ufinyanzi cha Abuja miaka ya 1970. Leo Ladi Kwali yuko kwenye noti ya naira 20, na chungu chake. Sijui mfinyanzi mwingine aliyepata noti.

Upande wa pili nao usipuuzwe. Anza na maji. Chungu cha kwetu hupoza maji kwa sababu kinatoka jasho: maji hupenya vinyweleo vya udongo, yakikauka nje huondoka na joto. Kule Abuja vyungu vya Ladi Kwali vilianza kupakwa rangi ya kioo na kuchomwa kwa moto mkali wa tanuri, vinyweleo vikaziba. Vikasafiri hadi London, vikasifiwa, vikawa pambo. Kuna wanaosema huo ndio mkataba wa jumba la sanaa tangu zamani: tutakipa chungu chako kiti cha heshima, mradi kiache kufanya kazi.

Halafu kuna bei. Vyombo vya Odundo vimevuka pauni 200,000 mnadani. Aliyekifinyanga chungu changu cha Kibuye, wahenga walishamsema: mfinyanzi hulia gaeni. Hoja hii huvuma sana, ila mimi hainishiki. Bei ya mnada haikuondoa shilingi kwenye gunia la yule mama.

Inayonishika ni nyingine. Tukizoea kusema chungu ni mwanamke, je, hatujarudi palepale, kwamba mwanamke ni chombo? Vijana mtaani humwita msichana mrembo "chombo". Kwenye harusi tunasomewa waraka wa Petro, mke ni "chombo kisicho na nguvu", na ukumbi mzima unaitikia amina. Onyesho linaloishia kwenye tumbo na kiuno, hata likiwa la heshima namna gani, linaweza kulala kitanda kimoja na mahubiri hayo.

Hapa ndipo ninapotaka Nyanza isikilizwe. Katika Kijaluo kufinyanga ni *chweyo*, na kutokana na kitenzi hicho Mungu huitwa *Jachwech*, Muumba, yule anayefinyanga. Na wanaofinyanga vyungu huku ni wanawake. Kwa hiyo uke uliomo ndani ya chungu si umbo lake peke yake. Uko pia kwenye mikono, kwenye kuni, kwenye mgongo uliobeba udongo kutoka mtoni. Ingrid Herbich na Michael Dietler, waliowatafiti wafinyanzi wa Kijaluo miaka ya 1980, walikuta kwamba wengi hawakufundishwa na mama zao. Waliolewa, wakafika ugenini, wakafundishwa na mama mkwe na wake wenza, mpaka mkono ukakubali mtindo wa boma la mume. Katika chungu kimoja kuna ndoa nzima, pamoja na utii wake na masengenyo yake.

Ndiyo maana wengine hudai kwamba kumtaja msanii mmoja kwa jina ni kuipora kazi ya boma zima. Nawaelewa, lakini nusu tu. Kutokuwa na jina kuna anayelipia. Nenda Tabaka, Kisii, kwenye mawe ya sabuni. Kwa kawaida anayechonga ni mwanamume, na wanawake ndio wanaokaa na beseni la maji na msasa wakisugua hadi jiwe ling'ae. Mgeni akiuliza nani amelitengeneza, huonyeshwa mchongaji. Kwa Odundo anayefinyanga na anayesugua ni mtu mmoja, na ule mng'aro, kazi ya beseni na msasa, ndio watu wanaovuka bahari kuutazama. Hilo tu kwangu linatosha kulitetea jumba la sanaa, pamoja na dhambi zake. Ningemwuliza tu aliyepanga vyombo jumbani: kiuno nimekiona, mama mkwe yuko wapi?

Tulipatana bei pale Kibuye. Kabla ya kulipa nikamwuliza yule mama ni nani aliyekifinyanga. Akanijibu, "Vimetoka Oyugis." Nikarudia: nani? Akacheka, akakizungushia gazeti kuukuu na kukifunga kwa kamba ya katani.

"Wako wengi huko, mwanangu. Wewe unataka chungu au unamtaka mtu?"

Nikamwambia vyote viwili. Akaniambia nirudi Jumapili ijayo, atauliza.