Dola 2,500 kwa mmoja, milioni kwa mwingine: fidia za wanawake wa USC ziligawanywaje

Watu wakisikia chuo kimekubali kulipa dola milioni 215 kwa wanawake waliodhalilishwa na daktari wanadhani kila mmoja kaondoka na hela ya kujenga. Haikuwa hivyo hata kidogo, na ndo maana nataka tuiangalie hii kesi ya Chuo Kikuu cha Southern California, USC, kule Los Angeles, kwa sababu kwenye kesi za namna hii tunabishana sana kuhusu jumla, kubwa au ndogo, afu hakuna anayeuliza ile jumla inafikaje mkononi mwa mtu.

Kwa ufupi kwa ambaye hakuifuatilia. George Tyndall alikuwa daktari wa magonjwa ya wanawake kwenye kituo cha afya cha wanafunzi kuanzia 1989 mpaka 2016. Malalamiko yalikuwepo miaka na miaka, namna anavyopima wasichana, maneno anayowaambia, picha anazopiga, na wafanyakazi wenzake walihofia kwamba analenga wanafunzi wa kutoka China, wengine hata hawajawahi kupimwa na daktari wa kike wala wa kiume huko chini, kwa hiyo hawakujua kipi ni kipimo na kipi siyo. 2017 chuo kikamalizana naye kimyakimya, akalipwa akaondoka, na mambo yakalipuka Mei 2018 gazeti la Los Angeles Times lilipoyaandika. Rais wa chuo akang'oka. Tyndall mwenyewe alikana kila kitu, akakamatwa 2019, na akafa Oktoba 2023 kabla kesi yake ya jinai haijasikilizwa.

Sasa upande wa hela.

Oktoba 2018, yaani miezi mitano tu baada ya habari kutoka, chuo kikatangaza kukubaliana na mawakili wa kesi ya kundi, yaani kesi moja inayobeba madai ya watu wengi kwa pamoja, kwenye mahakama ya shirikisho: dola milioni 215 kwa wanawake takriban 18,000 waliowahi kutibiwa na Tyndall. Jaji akatoa idhini ya mwisho Februari 2020. Ukigawa kavukavu inakuja kama dola 11,900 kwa kichwa, ila haikugawanywa kavukavu, iligawanywa kwa madaraja matatu na hapo ndipo uhondo ulipo.

Daraja la kwanza ni dola 2,500 kwa kila aliyekuwemo kwenye kundi. Huulizwi kitu. Jina lako likiwa kwenye rekodi za kituo cha afya unaletewa hela yako, hujaza fomu ya kueleza, huhitaji kumwambia mtu yeyote kilichotokea, hata kama hakikutokea kitu kibaya kwako. Ambaye jina lake halikuonekana kwenye rekodi ndo alitakiwa aoneshe kwamba kweli aliwahi kutibiwa pale. Daraja la pili unaandika maelezo yako kwa maandishi, wakikuamini na kuona uzito wake unapata kati ya dola 7,500 na 20,000. Daraja la tatu unahojiwa na mtaalamu aliyefundishwa kuongea na watu waliopitia mambo haya, na hapo ni kuanzia 7,500 hadi 250,000. Wanaopanga nani apate kiasi gani siyo chuo wala mawakili, ni jopo la watu watatu chini ya msimamizi aliyeteuliwa na mahakama, ndani yake kuna wataalamu wa magonjwa ya wanawake na wa afya ya akili. Na ada za mawakili wa kundi hazikutoka kwenye zile milioni 215, chuo kilikubali kuzilipa pembeni hadi milioni 25. Hili watu wengi hawalijui na ni kubwa, maana kwenye kesi nyingi za Marekani wakili anakata chake humohumo kwenye fungu la wateja.

Ukisoma hivyo unasema mbona safi. Na kwa kweli mi naona kuna vitu pale vilifikiriwa na watu wenye utu. Fikiria mwanamke aliyesoma USC 1993, leo ana mume na watoto wakubwa, hajawahi kumwambia mtu. Kesi ya kawaida ingemtaka asimame, aulizwe na wakili wa chuo kwa nini alirudi kwa daktari yuleyule mara ya pili, kwa nini hakulalamika, faili lake la matibabu lifunguliwe lote mezani. Hapa anaweza kupokea cheki na asiseme neno, au akaandika kwa siri, au akaongea na mtu mmoja. Anachagua mwenyewe mlango. Halafu kuna suala la muda, kwa sababu 2018 sheria ya California ilikuwa inawafungia nje wengi wao, madai ya miaka ya 90 yalishapitwa na muda zamani. Mtu ambaye mahakamani angepata sifuri anapewa 2,500 za uhakika, au zaidi akieleza. Ukiwa wakili wake na ukweli mtupu uko mbele yako ungemshauri akatae?

Ila sasa geuza upande wa pili.

Oktoba 2019 gavana wa California akasaini sheria mpya iliyofungua dirisha la mwaka mzima wa 2020, waliodhalilishwa na daktari wa kituo cha wanafunzi waruhusiwe kushtaki hata kama muda ulishapita. Wakati huo makubaliano ya kundi yalishapata idhini ya awali ya jaji tangu Juni. Wapo wanawake waliojitoa kwenye kundi, au waliokuwa na kesi zao kwenye mahakama ya jimbo na mawakili wao tangu mwanzo, na Machi 2021 USC ikamalizana na hao pia. Dola milioni 852. Wanawake 710.

Rudia hiyo hesabu polepole. Watu 18,000 milioni 215, watu 710 milioni 852. Wastani wa hawa wa pili ni dola milioni 1.2 kila mtu kabla mawakili wao hawajakata, na wao ndio waliokatwa, maana kesi binafsi wakili huchukua theluthi au zaidi. Hata ukikata karibu nusu bado mtu anabaki na laki sita na kitu za dola, na mwenzake aliyepitia chumba kilekile, kitanda kilekile, pengine wiki ileile, ana 2,500 au tuseme 20,000.

Watetezi wa kesi ya kundi wanasema huwezi kulinganisha, wale 710 ndio walioumizwa zaidi na waliojitokeza wapambane. Kwa sehemu ni kweli, na kwenye kundi la 18,000 kuna wengi ambao daktari aliwapima kawaida tu. Ila hainiingii akilini kwamba kati ya wote waliobaki hakukuwa na mamia wenye machungu sawa na wale. Walichokosa ni wakili wa kuwaambia subirini. Na mawakili wa wale wa jimbo walilalamika mapema kabisa kwamba miezi mitano ni haraka mno, hakuna aliyekuwa amehoji wakubwa wa chuo chini ya kiapo, hakuna anayejua chuo kilijua nini na lini, sasa mmepimaje bei? Hoja hii naiona nzito kuliko zote. Chuo kilinunua utulivu mapema kwa bei ya mapema.

Kuna tofauti nyingine ambayo kwa msomaji wa Tanzania au Kenya inabidi isemwe. Kwetu kesi ya uwakilishi, ile ya Amri ya 1 kanuni ya 8 ya sheria ya mwenendo wa kesi za madai, Tanzania inabidi uombe kibali cha mahakama kwanza na uoneshe unaowawakilisha wamekutuma. Kule Marekani ni kinyume, kwenye kesi ya fidia kama hii unakuwa ndani bila kuulizwa mpaka useme unatoka. Barua inatumwa anwani ya zamani, tangazo linawekwa mtandaoni, na ukikaa kimya umekubali na haki yako ya kushtaki imekwenda. Sasa hao walikuwa wanafunzi, wamehamahama, wengine walisharudi nchi zao. Ukimya wao umehesabiwa kama ndiyo. Uzuri wa mfumo huu ni kwamba bila huo hakuna 18,000 wanaolipwa, wangelipwa mia tatu wenye nguvu ya kutafuta wakili, hilo nalo ni kweli na sipendi watu wanavyolipita haraka.

Tatizo langu hasa na madaraja ni kwamba malipo yalifuata uwezo wa kusema. Anayeweza kuandika vizuri Kiingereza, aliyewahi kwenda kwa mshauri nasaha na ana rekodi, anayekumbuka tarehe, huyo anapanda. Aliyeumia mpaka hawezi kuligusa hilo jambo anabaki chini kabisa na 2,500, na mara nyingi huyo ndiye aliyeumia zaidi. Madaktari wa akili wanajua hili, kukwepa kumbukumbu ni dalili yenyewe ya jeraha. Kwa hiyo ule mlango wa kukaa kimya niliousifia hapo juu una bei, na bei yake ni tofauti ya hadi dola 247,500.

Wangefanyaje? Johns Hopkins kule Baltimore 2014 walilipa milioni 190 kwa wanawake zaidi ya 8,000 kwa kesi ya daktari aliyewapiga picha kwa kificho, hela karibu sawa kwa watu chini ya nusu. Kwa USC, sakafu ya 2,500 kwa watu 18,000 ilikula milioni 45 tu. Ukiipandisha iwe 5,000 inakula 90, zinabaki 125 kwa waliojieleza. Najua jibu litakalokuja, kwamba unamnyang'anya aliyeumizwa vibaya umpe ambaye hakuguswa. Kama fungu limefungwa, ndiyo, na hiyo ni hasara halali kuilalamikia. Lakini fungu lilifungwa kwa milioni 215 na chuo ambacho miaka miwili na nusu baadaye kilitoa 852 nyingine, na rais wake mpya akasema ada za wanafunzi na michango ya wafadhili haitaguswa. Hela ilikuwepo. Mawakili wa kundi wangekataa kusaini mpaka wakubwa wahojiwe, ule ugomvi wa kugombania sakafu na dari ungekuwa mdogo sana.